Shingo ya Mtoto Haijakaza: Dalili, Sababu Zake na la Kufanya

Kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto hapa Zanzibar, kuanzia Kivunge ya Unguja hadi Micheweni ya Pemba, yapo maneno yanayojirudia: "Huyu shingo yake bado haijakaza." Anayeyasema huwa anadhani ametaja tatizo moja, kumbe nyuma yake yanaweza kuwepo manne au matano. Mtoto mmoja hajapata nafasi ya kuitumikisha shingo yake, mwingine amelazwa upande uleule tangu azaliwe, mwingine alizaliwa kabla ya wakati na hesabu ya miezi inamdhulumu, na wachache wana maradhi yanayotaka hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata malalamiko yenyewe kama wazazi wanavyoyaleta, na katika kila lalamiko unaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi.

Neno lenyewe "kukaza" lina mtego ndani yake. Shingo iliyokaza ni ile inayoubeba uzito wa kichwa na bado ikaweza kugeuka kulia na kushoto, ikainama na kuinuka kwa hiari ya mtoto. Shingo inayosukuma kichwa nyuma na isiyokubali kuinama haikukaza, bali imekakamaa, na mtoto wa namna hiyo husifiwa na majirani kuwa ni hodari wakati ambapo angepaswa kuwa njiani kwenda hospitali. Tofauti hiyo ya kukaza na kukakamaa ndiyo ya kuishika kuliko tarehe yoyote ya kalenda.

Kabla ya kutafuta kasoro, hesabu umri

Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, kwa hiyo si ajabu kwamba kinamwelemea. Akilazwa kifudifudi, mtoto wa siku chache huweza kugeuza uso upande ili apumue, basi. Akikaribia mwezi 1 hunyanyua kidevu kwa muda mfupi. Akiwa na miezi 2 wengi huinua kichwa hadi nusu ya kusimama, na akiwa na miezi 3 huegemea vigasha na kuinua kifua kidogo. Akifika miezi 4, kichwa kinapaswa kutulia bila kuyumba anapopakatwa wima. Wapo wanaotangulia na wanaochelewa kwa wiki kadhaa.

Aliyezaliwa kabla ya wakati hahesabiwi tangu siku ya kuzaliwa, bali tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto aliyetangulia kwa wiki 8 na sasa ana miezi 4 apimwe kama mtoto wa miezi 2. Ndugu wengi wamemlinganisha mtoto wa namna hii na binamu yake aliyezaliwa wiki moja naye, wakamtia mama hofu isiyo na msingi.

Kadi ya kliniki inasaidia hapa. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni nafasi tatu nzuri za kumwomba muuguzi aiangalie shingo, na hasa ile ya wiki ya 14, kwa sababu wakati huo majibu huanza kuwa wazi.

"Nikimlaza kifudifudi analia papo hapo"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na karibu kila mara si ugonjwa. Ni lazima lishughulikiwe hata hivyo, kwa sababu mama akilisikia kilio hicho mara tatu huacha kabisa, na kazi ambayo shingo ingeifanya haifanyiki.

Sababu ya kawaida zaidi ni wakati mbaya. Mtoto aliyetoka kunyonya ana tumbo lililojaa, na ukimlalisha juu yake atacheua na kulia. Mwenye usingizi naye hataki kazi yoyote. Subiri kiasi cha nusu saa baada ya kunyonya, umchukue akiwa macho na ametulia, mara nyingi baada ya kubadilishwa nepi. Katika miezi ya kaskazi, chumba kikiwa kimefukuta adhuhuri, hata mtu mzima hatakubali kulala kifudifudi. Asubuhi mapema na baada ya alasiri ni nyakati zinazokubalika zaidi.

Sababu inayofuata ni mahali. Godoro laini la kitandani humfanya mtoto azame, na kila akijaribu kuinuka viwiko vinadidimia. Mkeka juu ya sakafu, uliotandikwa kanga iliyokunjwa mara mbili, unafaa zaidi, mradi sakafu imefagiwa na hakuna sisimizi. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni kwamba kichwa hakiinuliwi na shingo peke yake. Viwiko ndivyo nguzo. Mtoto ambaye mikono yake imebanwa chini ya kifua, au imenyooka nyuma kando ya mapaja, hana pa kujisukumia, na kilio chake ni cha haki. Kunja kanga nyingine iwe bumba jembamba, iweke chini ya kifua chake usawa wa makwapa, mikono ipite mbele ya bumba hilo na viwiko viwe chini ya mabega. Watoto wengi hunyamaza kwa marekebisho hayo tu.

Sababu ya tatu ni kwamba sakafu ni hatua ya mbele na mtoto hajapitia zile za nyuma. Anza kifuani. Mama aegemee mito miwili mitatu, mgongo ukiwa umelala nusu, amlaze mtoto kifua kwa kifua na amwite. Mlalo huo humpunguzia mtoto uzito wa kichwa, na uso anaoutafuta upo umbali wa kama sentimita 25, ambao macho ya mchanga huuona vizuri. Kadiri anavyozoea, mama apunguze mto mmoja, na mlalo uwe bapa zaidi. Hatua ya pili ni mapajani: mtoto alazwe kifudifudi akiyakingama mapaja yote mawili, mkono mmoja wa mama ukiwa juu ya makalio yake, kwa kuwa uzito wa nyuma humrahisishia kuinua mbele. Kumbeba kifudifudi juu ya mkono, kichwa karibu na kiwiko cha mbebaji na kiganja cha mbebaji katikati ya miguu ya mtoto, ni zoezi jingine zuri, na akina baba hulipenda kwa sababu wanaweza kutembea naye uani.

Muda uwe mfupi. Dakika 1 au 2 zinatosha kwa mtoto wa wiki mbili, mara kadhaa kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto ambaye bado hajaanza kujisogeza apate angalau dakika 30 za kulala kifudifudi akiwa macho, zikigawanywa katika siku nzima. Njia nyepesi ya kufika hapo ni kuzifuata adhana tano kwa dakika sita sita. Mama aliye ndani ya arubaini haswali, lakini adhana anaisikia.

Kama umerekebisha wakati, mahali na viwiko kwa wiki moja na mtoto bado analia kwa namna ya maumivu, hutapika sana baada ya kila ziwa, au hunyonga mgongo akinyonya, acha kumlaza kifudifudi na mwone daktari. Huenda maziwa yanapanda kooni, na mazoezi hayatibu hilo.

Onyo moja halina mjadala: kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na anayetazamwa. Kulala usingizi ni chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mto wala nguo zinazoweza kufunika uso. Akisinzia kwenye mkeka mgeuze hapo hapo, na mama mwenye usingizi asimlaze mtoto kifuani kwake akiwa peke yake.

"Amelala kimya, lakini kichwa hakiinuki"

Angalia kwanza kama kuna cha kutazama. Mtoto aliyelazwa akielekea ukuta mtupu hana sababu ya kuinua uso. Jilaze mbele yake, uso kwa uso, umwimbie, au mweke dada yake mkubwa hapo. Kanga yenye nyeusi na nyeupe zilizoachana vizuri humvuta mchanga kuliko mwanasesere wa rangi za kufifia.

Ikiwa anatazama na bado hainui, hesabu saa zake za siku. Katika nyumba zetu mtoto hana shida ya mikono ya kumbeba, na huo ni utajiri, lakini upo uwezekano wa kutoka kwa bibi kwenda kwa shangazi, kutoka kwa shangazi kwenda kwenye susu, na kutoka kwenye susu kurudi kwenye ziwa, bila shingo kufanya kazi yoyote, kwa kuwa kila aliyempokea amemshikilia kisogo. Kushikilia kisogo ni lazima katika wiki za mwanzo. Baada ya miezi miwili, mpakate wima, kifua chake begani kwako, na mkono wako uteremke kutoka kisogoni hadi kati ya mabega. Ukae tayari, lakini umwachie afanye sehemu yake. Kumkalisha kwenye beseni lililozungushiwa mito hakumkazi shingo mtoto ambaye bado hajaweza kuibeba. Kidevu huangukia kifuani, njia ya pumzi hubanwa, na hilo ni hatari, tena kimyakimya.

Sababu isiyo ya kawaida, lakini yenye uzito, ni udhaifu wa misuli ya mwili mzima. Mtoto huyo ukimnyanyua kwa makwapa huteleza mikononi kama kanga mbichi, miguu yake hulala ikiwa imefunguka kama ya chura, kilio ni chembamba na hunyonya kwa kuchoka. Huenda alichelewa kulia alipozaliwa, huenda ana hali aliyozaliwa nayo. Huyu asisubiri miezi 4. Vivyo hivyo yule ambaye kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umevimba hata akiwa ametulia wima, na macho yanaelekea chini kama jua linalozama: shingo yake haina kosa, bali mzigo umezidi kwa sababu ya maji kichwani. Mzingo wa kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi ni kama sentimita 35 anapozaliwa, na huongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo utepe wa kupimia wa kliniki hulibaini jambo hili mapema. Upasuaji wake unafanyika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kuwahi kuna faida kubwa.

"Nikimwinua, kichwa kinabaki nyuma"

Kwa mtoto wa chini ya miezi 3 hili ni jambo la kawaida na halihitaji kutafutiwa sababu. Kati ya miezi 3 na 4 kichwa huanza kufuatana na mwili, kwanza kwa kuchelewa kidogo, kisha sawasawa.

Wazazi wengi, baada ya kusikia kwamba daktari hupima kwa kumvuta mtoto mikono, huigeuza ile pima kuwa zoezi na kuirudia mara kumi kwa siku. Isifanywe hivyo. Vifundo vya mtoto ni vyepesi na shingo isiyo tayari hupata mrusho bure. Zoezi lililo salama ni kubadilisha namna ya kumwinua kila siku: badala ya kumnyanyua moja kwa moja kutoka chali, mshike mabegani, mgeuze ubavu polepole, halafu mwinue kutoka ubavuni. Shingo hulazimika kukibeba kichwa kwa upande, ambako ni rahisi zaidi, na kwa kuwa mtoto huinuliwa mara nyingi kwa siku, zoezi linafanyika bila kutengewa muda. Badilisha ubavu kila mara.

Akitimiza miezi 4 kwa hesabu sahihi na kichwa bado kinaanguka nyuma kabisa, au kinayumba anapopakatwa, mpeleke achunguzwe. Usiongeze mazoezi kwanza "tuone mwezi huu".

"Anaangalia upande mmoja tu"

Mara nyingi ni mazoea. Kitanda kimegusa ukuta, mlango na taa viko kulia, mama hulala kulia, naye mtoto hutazama kulia, mpaka kichwa kinabonyea na kuwa bapa upande huo. Kikishakuwa bapa, chenyewe huviringika na kurudi palepale. Dawa yake ni kumgeuza kichwa na miguu kitandani kila usiku, kubadilisha bega la kumbebea, na kumwita kutoka upande asioupenda. Muda wa kifudifudi pia humpumzisha kisogo.

Sababu ya pili ni msuli mfupi. Upo msuli unaotoka nyuma ya sikio na kushuka hadi mfupa wa kifua na mtulinga. Ukifupika upande mmoja, sikio la upande huo huinamia bega na kidevu huelekea upande wa pili. Pengine katika wiki za mwanzo utapapasa kivimbe kigumu kiasi cha kokwa ya zambarau ndani ya msuli huo. Kivimbe hicho kwa kawaida hupungua chenyewe katika miezi, kwa hiyo kisikandwe kwa nguvu wala kupakwa dawa ya kuchoma. Msuli unahitaji kunyoshwa kwa utaratibu anaofundisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiushika mkono wa mama mpaka aujue. Aliyeanza kabla ya miezi 3 hupona kwa urahisi zaidi. Mwombe pia apime nyonga, hasa kama mtoto alitanguliza makalio tumboni, kwani shingo iliyopinda na nyonga isiyokaa vizuri hupatikana pamoja kwa baadhi ya watoto.

Bibi anayemsinga mtoto kwa mafuta ya nazi baada ya kuoga hana kosa lolote, na mguso ule humfaa mtoto. Mwiko ni kuvuta kichwa, kukizungusha kwa nguvu ili "kiingie mahali pake", au kumning'iniza kwa miguu. Kichwa kikipinda ghafla kwa mtoto aliyekuwa sawa, au kukiwa na homa au kuanguka, usimnyoshe kabisa: ni safari ya hospitali.

"Shingo yake ina nguvu mno"

Hapa ndipo sifa inapopotosha. Mtoto mwenye njaa, mwenye gesi au mwenye hasira hujipinda nyuma kwa dakika chache, kisha hulegea anaponyonya au anapopakatwa amekunjwa magoti. Huyo hana neno. Anayebaki amejipinda hata akiwa ametulia, ambaye ngumi zake hazifunguki baada ya miezi 3, na ambaye miguu hukatana kama mkasi ukimnyanyua, anahitaji daktari na mtaalamu wa viungo ndani ya siku chache. Mpaka aonekane, mbebe akiwa amekunjwa, magoti juu na mikono mbele, na usimsimamishe kwa miguu.

Yapo mengine yasiyosubiri hata kesho:

Mtoto wa siku chache aliyekuwa akinyonya vizuri kisha kinywa hakifunguki, na hukakamaa akiguswa au mlango ukigongwa, anaweza kuwa na pepopunda. Mtoto mwenye manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, au ambaye manjano yamefika viganjani na nyayoni, au aliye na manjano na sasa ananyonga shingo nyuma na kulala mno, ubongo wake uko hatarini. Kumwanika jua la asubuhi hakutoshi, na kunapoteza saa ambazo zingemwokoa. Homa pamoja na utosi uliovimba, kulia kwa sauti kali au kukataa ziwa huashiria homa ya uti wa mgongo, na ijulikane kwamba kwa mchanga homa hiyo huweza kuwepo bila shingo kuwa ngumu.

"Alikuwa ameshakaza, sasa amelegea"

Kwa lalamiko hili hakuna marekebisho ya nyumbani ya kujaribu kwanza. Kinachotangulia kwa wingi ni maradhi ya kawaida yaliyomchosha, kama homa au kuharisha kulikomkausha maji. Hata hayo humpasa kuonekana leo.

Nyuma yake kuna mawili yanayosahauliwa. Moja ni asali. Wapo wanaomlambisha mtoto asali kwa nia njema, na asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho huota ndani ya utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huanza kwa kukosa choo siku kadhaa, kilio hudhoofika, kope huteremka, ziwa huvutwa kwa unyonge, na shingo huanguka. Kuchemsha hakuziui mbegu hizo, na asali safi ya mikoko haina tofauti na ya dukani. Asiipate kabla ya miezi 12, na kama aliipata, mwambie daktari bila haya.

La pili ni kuinamisha kichwa ghafla kwa mfululizo, mikono ikiruka mbele, mara nyingi anapoamka, hasa kati ya miezi 3 na 7. Wengine hudhani anashtuka au ana mchango. Ni aina ya kifafa cha utotoni, na kila wiki ya kuchelewa inaudhuru ubongo. Chukua simu urekodi tukio zima, kwa sababu mbele ya daktari mtoto huweza kukaa kimya saa nzima, na picha hiyo ya dakika moja huthibitisha kuliko maelezo marefu.

Mtoto aliyetikiswa kwa nguvu ili anyamaze, au aliyerushwa juu kwa mchezo, kisha akalegea, kutapika au kusinzia mno, apelekwe hospitali na daktari aelezwe ukweli wote wa yaliyompata. Daktari hatafuti wa kumlaumu, anatafuta damu ndani ya kichwa.

Kwa Unguja, kituo cha afya kilicho karibu hukuelekeza hospitali ya wilaya au Mnazi Mmoja. Kwa Pemba ni Chake Chake, Wete, Micheweni au Abdalla Mzee ya Mkoani. Ulizia kitengo cha mazoezi ya viungo kwa jina hilo. Anayeishi kisiwani, kama Kojani au Tumbatu, na ameona mojawapo ya dalili zisizosubiri asingoje maji yajae ndipo atafute chombo; apige simu kituoni wakati chombo kinatafutwa. Achukue kadi ya kliniki, maelezo ya siku ya kuzaliwa ikiwa ni pamoja na kama mtoto alilia mara moja au alichelewa, na simu yenye ile picha. Njiani mtoto awe amelazwa ubavu mapajani kwa mama au amepakatwa kifuani, uso ukiwa wazi na kidevu kisiguse kifua.